Siku Jua Lilipopatwa Madina

KILA sifa njema inamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeliumba jua na mwezi na kuvipangia njia zake kwa hesabu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, masahaba zake na kila mwenye kuufuata mwongozo wake mpaka Siku ya Malipo.

Ndugu msomaji, leo tuzungumzie jambo linalotia ufa katika nyumba za Waislamu kimya kimya. Nalo ni imani kwamba ziko siku za nuksi, na kwamba jambo likitokea katika siku fulani basi lazima awepo mtu aliyelileta kwa mkosi wake.

Miaka michache iliyopita, baada ya swala ya Alasiri, alinijia baba mmoja akiwa na binti yake. Binti yule alikuwa na siku arobaini tu tangu aolewe. Mchana wa siku ya harusi yake, kabla hajafikishwa kwa mumewe, baba wa bwana harusi alianguka na kufariki dunia. Mapambo yaliteremshwa, yakatandikwa majamvi ya matanga. Ikapita wiki, watu wakaanza kunong'ona kwamba tarehe ile ilikuwa mbaya na haikutazamwa. Ikapita wiki ya pili, mnong'ono ukaiacha tarehe ukamwendea bibi harusi. Wakasema ameingia nyumbani na kisirani. Mama mkwe akawa hapokei hata kikombe cha maji kutoka mkononi mwake, na mume akawa anashauriwa amrudishe kwao.

Nilidhani binti amekuja kuniuliza hukumu ya talaka. Hakuuliza hilo. Aliinamisha kichwa akasema: "Sheikh, ni kweli mimi nimemuua baba?"

Nilimjibu kwa kumsimulia habari ya siku moja katika maisha ya Mtume (S.A.W.). Habari hiyo ndiyo ninayotaka kuwasimulia wasomaji wa ukurasa huu. Lakini kabla ya kufika Madina, natupite kwanza katika siku mbili za historia ya mataifa mengine, ili thamani ya siku ile ya Madina ituonekee vizuri.

Siku mbili za giza

Siku ya kwanza ni tarehe 27 Agosti, mwaka 413 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.). Jeshi la Athens, dola kubwa ya Wayunani wa zama zile, lilikuwa limeuzingira mji wa Syracuse katika kisiwa cha Sicily. Vita vilikuwa vimewaelemea, maradhi yameenea kambini, na majemadari walikwisha kukubaliana kupakia watu majahazini na kurejea kwao. Usiku ule mwezi ukapatwa. Askari wakaingiwa na hofu. Jemadari wao, Nicias, aliyekuwa mtu wa kuamini sana ndege na ramli, akawauliza waaguzi. Wakamwambia asitie mguu baharini mpaka zipite siku tatu mara tisa, yaani siku 27.

Akawatii. Maadui zake hawakungoja. Walifunga mlango wa bandari, wakazishinda merikebu zake, na jeshi lilipojaribu kukimbia kwa nchi kavu likaandamwa na kuvunjwa. Nicias mwenyewe akauawa, na mateka wasiopungua 7,000 wakatiwa katika machimbo ya mawe, wengi wao wakafia humo kwa jua, baridi, njaa na kiu. Mwezi haukumdhuru hata mtu mmoja katika wao. Waliangamizwa na kuuogopa kwao.

Siku ya pili ni tarehe 29 Februari, 1504. Baharia Christopher Columbus alikuwa amekwama katika kisiwa cha Jamaica tangu mwaka uliotangulia, merikebu zake zimeliwa na wadudu wa mbao hata hazifai tena kusafiri. Wenyeji wa kisiwa waliwalisha yeye na watu wake kwa miezi mingi, kisha wakachoka kwa sababu ya ubaya waliotendewa na mabaharia wale. Columbus alikuwa na kitabu cha hesabu za nyota kutoka Ulaya, na humo aliona kwamba usiku wa tarehe ile mwezi utapatwa. Akawaita wakuu wa wenyeji, akawaambia kwamba Mungu wake amewakasirikia kwa kumnyima chakula, na kwamba usiku ule atauondoa mwezi wao. Mwezi ulipoanza kuingia giza, watu wakaja mbio wakilia, wamebeba vyakula, wakimsihi awaombee. Akajifungia chumbani mpaka saa ya mwezi kufunguka ilipokaribia, ndipo akatoka kuwaambia kwamba wamesamehewa.

Tazama, ndugu msomaji. Yule wa kwanza hakujua, akaogopa, akawaangamiza watu wake. Huyu wa pili alijua, akaitumia elimu yake kuwadanganya wasiojua, akala kwa uongo ule. Sasa twende Madina.

Mtoto katika nyumba ya mhunzi

Katika miaka ya mwisho ya maisha yake Mtume (S.A.W.) alijaaliwa mtoto wa kiume kwa Bibi Mariya Mmisri, akamwita Ibrahim, jina la baba yake Nabii Ibrahim (A.S.). Katika maisha yake alifiwa na wanawe Qasim na Abdullah wakiwa wadogo, na binti zake Ruqayya, Zaynab na Ummu Kulthum wakiwa watu wazima. Aliyebaki ni Fatima (R.A.) peke yake, na sasa Ibrahim.

Mtoto alipelekwa kunyonyeshwa pembezoni mwa mji, kwa mke wa mhunzi aliyeitwa Abu Sayf. Anas bin Malik (R.A.) anasimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akienda huko kwa miguu kumwona mwanawe, akiingia katika nyumba iliyojaa moshi wa kiwanda cha uhunzi, akimchukua mtoto, akimbusu na kumnusa, kisha akirejea.

Kisha mtoto akaugua, hali ya kuwa bado ananyonya. Mtume (S.A.W.) akaingia akamkuta anakata roho, macho yake yakabubujika machozi. Abdurrahman bin Auf (R.A.) akastaajabu, akamuuliza kama hata yeye analia. Akamjibu kwamba machozi yale ni rehema. Akaeleza kwamba jicho hulia na moyo huhuzunika, lakini ulimi hausemi ila lile linalomridhisha Mola. Na kwamba kwa kufarikiwa na Ibrahim hakika wao wana huzuni. Habari hii wameipokea Bukhari na Muslim.

Siku ile ile jua likapatwa.

Fikiri, ewe mzazi. Ni mji mdogo wenye watu wanaompenda Mtume wao kuliko nafsi zao. Mwanawe wa pekee wa kiume amefariki, na mbingu zimeingia giza mchana. Mughira bin Shu'ba (R.A.) anasimulia kwamba watu walisema jua limepatwa kwa ajili ya kifo cha Ibrahim. Hawakusema kwa ubaya. Walisema kwa mapenzi, na kwa mazoea ya zama za ujahili, kwamba jua na mwezi hupatwa pale anapokufa mtu mkubwa.

Laiti Mtume (S.A.W.) angelinyamaza tu, habari ile ingelienea Bara Arabu nzima kuwa ni muujiza wake. Asingelihitaji kusema uongo hata wa neno moja, maana watu walikwisha kujisemea wenyewe. Naye alikuwa baba mwenye msiba, na mwenye msiba hufarijika anapoambiwa kwamba hata mbingu zimemlilia mwanawe.

Hakunyamaza. Alitoka akiburuta shuka yake kwa haraka mpaka akaingia msikitini. Akanadiwa mtu kuwaita watu katika swala ya jamaa. Akawasalisha rakaa mbili ndefu, katika kila rakaa rukuu mbili, Ibn Abbas (R.A.) anakadiria kisimamo cha kwanza kuwa kiasi cha kusoma Suratul Baqara. Jua lilipofunguka akawageukia watu, akamhimidi Mwenyezi Mungu, kisha akawabainishia kwamba jua na mwezi ni ishara mbili miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu, na kwamba havipatwi kwa kufa mtu yeyote wala kwa kuzaliwa kwake. Akawaamrisha kwamba waonapo hali ile wamwombe Mwenyezi Mungu, waswali na watoe sadaka. Na katika mapokezi ya Bibi Asmaa binti Abubakar (R.A.) imo pia amri ya kuwaacha huru watumwa wakati wa kupatwa jua.

Ndugu zangu, hapa ndipo penye fundisho. Dini hii ya haki haikujengwa juu ya uongo, hata ule uongo mtamu unaoisifu. Mtume (S.A.W.) aliizuia dhana isiyo ya kweli katika siku ambayo yeye mwenyewe ndiye angefaidika nayo. Hofu ya watu aliielekeza kwenye swala, na huzuni yake akaiacha ibaki kuwa huzuni ya baba. Jua halikupatwa kwa Ibrahim, mwana wa mbora wa viumbe. Basi litapatwaje kwa ajili ya wengine? Na kama kifo cha mwana wa Mtume hakikuandikwa juu ya siku wala juu ya mtu, nani leo mwenye haki ya kukiandika kifo cha mkwe juu ya bibi harusi?

Hesabu ya wanazuoni

Jambo jingine la kuzingatiwa ni namna wanazuoni wetu walivyoitafiti tarehe ya siku ile. Al-Waqidi, mmoja wa waandishi wa mwanzo wa sira, ameitaja kuwa ni tarehe 10 ya Mfungo Sita, yaani Rabiul Awwal. Sheikhul Islam Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728 Hijria, aliikataa tarehe hiyo kwa hoja nyepesi. Jua halipatwi ila mwezi unapokuwa kati yake na ardhi, na hilo haliwi ila mwishoni mwa mwezi wa kiislamu, mwezi unapofichika kabla ya kuandama. Tarehe 10 mwezi umekwisha kusogea mbali na jua na unaonekana mbinguni. Basi kauli ile haiwezi kuafikiana na hadithi sahihi ya kupatwa kwa jua.

Karne tano na zaidi baadaye, mwanafalaki wa Misri, Mahmud Pasha, aliyefariki mwaka 1885, alilihesabu jambo hilo kwa njia za elimu ya zama zake. Alikuta kwamba jua lilipatwa Madina asubuhi ya tarehe 27 Januari, 632, yapata saa mbili na nusu. Siku hiyo ni mwisho wa mwezi wa Shawwal, mwaka wa 10 Hijria, takriban siku arobaini kabla ya Mtume (S.A.W.) kusimama Arafa katika Hija ya Kuaga. Nayo inaafikiana na mapokezi ya Bibi Aisha (R.A.) kwamba kupatwa kule kulitokea asubuhi, Mtume (S.A.W.) akarejea wakati wa dhuha.

Hii ndiyo falaki inayokubalika, elimu ya hesabu. Kwa elimu hiyo tuliambiwa mapema kwamba tarehe 1 Septemba, 2016, jua litapatwa, na maelfu ya watu wakalishuhudia kule Rujewa, mkoani Mbeya, likibaki kama pete. Nayo ilikuwa mwishoni mwa Dhulqaada, kama kanuni ya Ibn Taymiyya inavyotaka. Ama ile falaki ya kumfungulia mtu kitabu na kumwambia aolewe lini, asafiri lini na nani ana nyota mbaya, hiyo ni ramli iliyovikwa kilemba. Wala kujua hesabu hakutuondolei swala. Aliyeziweka hesabu hizo ndiye tunayemsujudia.

Siku moja, furaha na msiba

Atasema msemaji: Mbona Qur'ani yenyewe imetaja siku za nuhsi walipoangamizwa kina Aad? Ni kweli, imetajwa katika Suratu Fussilat na Suratul Qamar. Lakini wanazuoni wamejibu kwamba nuhsi ile ilikuwa juu ya kina Aad kwa ukafiri wao, si juu ya siku. Katika siku zile zile Nabii Hud (A.S.) na waumini waliokuwa pamoja naye waliokolewa. Na Suratul Haqqa imeeleza kwamba upepo ule uliendelea masiku saba na siku nane. Sasa hesabu kwa vidole vyako: siku nane mfululizo zinaizunguka wiki nzima. Kama zingekuwa ni siku mbaya kwa kila mtu, isingebaki hata Ijumaa ya kufungia ndoa!

Itazame historia yetu. Tarehe 17 Ramadhani, mwaka wa 2 Hijria, Mwenyezi Mungu aliwapa Waislamu ushindi wa Badr. Zayd bin Haritha (R.A.) alipofika Madina na bishara hiyo, aliwakuta watu wanasawazisha udongo juu ya kaburi la Bibi Ruqayya, binti wa Mtume (S.A.W.). Bishara na msiba vilikutana penye kaburi moja. Hakuna aliyesema kwamba ushindi umemuua Ruqayya.

Itazame pia tarehe 10 Muharram. Ni siku aliyookolewa Nabii Musa (A.S.) na watu wake kutokana na Firauni, na Mtume (S.A.W.) akaifunga kwa kushukuru. Siku hiyo hiyo, mwaka wa 61 Hijria, sawa na tarehe 10 Oktoba, 680, aliuawa Imamu Husayn (R.A.), mjukuu wa Mtume, pamoja na watu wa nyumba yake katika ardhi ya Karbala. Tarehe ni ile ile. Dhuluma ilitoka mikononi mwa watu, nao ndio watakaoulizwa.

Hata Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), aliposhauriana na masahaba mnamo mwaka wa 17 Hijria waanze kuhesabu miaka kutoka wapi, kalenda yetu haikuanzishwa kwa kuzaliwa kwa Mtume wala kwa kufariki kwake. Ilianzishwa kwa Hijra. Ni kana kwamba tunaambiwa kila mwaka mpya unapoingia: zama hupimwa kwa amali.

Shawwal na Safar

Waarabu wa ujahili waliuchukia mwezi wa Shawwal, wakikataa kuoa ndani yake. Bibi Aisha (R.A.) aliwajibu kwa maisha yake mwenyewe. Alikuwa akieleza kwamba Mtume (S.A.W.) alimwoa katika Shawwal na akaingia nyumbani kwake katika Shawwal, kisha akiuliza ni nani katika wake zake aliyekuwa na bahati zaidi kwake kuliko yeye. Na kumbuka kwamba Ibrahim alifariki katika Shawwal hiyo hiyo. Mwezi wa ndoa yenye baraka ndio uliokuwa mwezi wa msiba, na Mtume (S.A.W.) hakuulaumu.

Vile vile amekanusha nuksi ya mwezi wa Safar, ambao kwetu ni Mfungo Tano. Katika mwambao wetu wapo walioiogopa Jumatano ya mwisho ya mwezi huo, wakazuia safari na shughuli. Tuwarehemu waliotutangulia, lakini tusiwarithishe wanetu hofu isiyo na dalili. Ziko siku na miezi yenye fadhila, kama Ijumaa, Ramadhani na kumi la mwanzo la Dhulhijja. Fadhila hizo tumezijua kwa wahyi, nazo ni fadhila za kuzidisha ibada. Ama siku ya kuogopwa kwa kuwa ni siku tu, sheria haikutuletea. Mwenye kutaka kuanza jambo, afanye shauri, aswali istikhara, kisha amtegemee Mola wake.

Wazazi wenzangu, neno la kisirani ni jepesi mdomoni lakini ni zito kwa anayebandikwa. Hubandikwa mtoto aliyezaliwa siku ya msiba, hubandikwa mke mgeni, hubandikwa yatima ambaye mama yake alifariki akimzaa. Hukua nalo, akaamini kwamba yeye ni balaa iliyotembea. Siku ya Kiyama nani atakayemlipa?

Turejee kwa binti yetu. Nilikwenda kwa wakwe zake na wazee wawili wa msikiti, nikawasimulia kisa hiki cha Ibrahim kama nilivyokisimulia hapa. Mume alilia, akasema mkewe harudi kwao. Mama mkwe alinyamaza. Sisemi kwamba alibadilika siku ile, kwa maana alikuwa amefiwa na mume wa miaka mingi, na huzuni hutafuta pa kutua. Lakini tulipokuwa tunaondoka aliagiza tuletewe maji. Binti akayaleta katika sinia. Yule mama akanyoosha mkono akachukua gilasi ya kwanza, akanywa yeye kabla yetu.

Ewe Mola wetu, usitujaalie kuwa miongoni mwa wanaowabebesha waja wako mizigo ambayo Wewe hukuwabebesha. Turuzuku ukweli katika furaha na katika msiba, uzifanye siku zetu zote kuwa siku za kukutii, na siku iliyo bora kwetu iwe ni siku ya kukutana nawe. Amin.

Wabillahi tawfiq.